Mjane Aliyeuza Shokomzoba

Mume wangu alirudi kutoka duka la spea mikono mitupu, na shati lake lanukia udi.

Nilikuwa uani nachagua mchele. Nilimwona akivua viatu mlangoni, na kabla hajatoa salamu ile harufu ilikuwa imeshanifikia. Harufu ya duka la spea naijua, nimeolewa na mtu wa magari: ni grisi, mpira mpya na vumbi la makasha. Udi haumo.

"Zi wapi shokomzoba?" nikamuuliza.

"Sijanunua. Yule mama amesema niende nikafikiri kwanza, kisha nirudi."

"Ukafikiri nini?"

"Gari," akasema, akaingia ndani kuoga.

Hiyo ilikuwa miaka ya thamanini, Malindi, wakati bado magari ya kwenda Mombasa yakivushwa kwa feri pale Kilifi. Tulikaa mtaa wa Shela. Mume wangu alikuwa na pikapu moja, rangi ya maziwa, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Asubuhi aliipakia saruji, mabati na magunia ya unga, akavipeleka bara kwa wenye maduka, kupitia Ganda na Jilore hadi Kakoneni. Mimi nilipanda naye mbele. Safari ya kwenda ilikuwa yake, ya kurudi ilikuwa yangu: nilinunua mayai kwa akina mama wa huko, nikayapanga kwenye trei, nikayazungushia leso na magunia matupu, tukayashusha Malindi. Mengine tuliyapeleka kwenye mahoteli ya Watamu kwa njia ya lami. Kwa hiyo gari lilikwenda zito likarudi jepesi, na njia yake ilikuwa nusu lami, nusu udongo na mawe. Mtu akiliona limesimama mbele ya baraza hawezi kuyajua hayo. Mimi niliyajua kwa mgongo wangu.

Msimu ule mwendo wake ulikuwa umeharibika. Kwenye lami liliyumba kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kwenye udongo likitumbukia shimoni liliendelea kurukaruka hata baada ya shimo kupita, na kila likiruka nilisikia mayai yakigongana nyuma kama meno ya mtu mwenye homa. Fundi wetu, ambaye kibanda chake kilikuwa pembeni mwa mtaa wa Kisumu Ndogo, aliingia chini ya gari akatoka na vidole vinavyong'aa kwa oili. Alitueleza kwamba kamani, yale majani ya chuma yaliyopangwa chini ya bodi, ndizo zinazobeba mzigo, lakini kamani ikishabonyea hutaka kuruka, na ikianza kuruka haijui kunyamaza. Kazi ya shokomzoba ni kuinyamazisha. Zetu zilikuwa zimekwisha, oili yote imevuja.

"Zilizokuja na gari hazikufaini," alisema. "Zile ni za mtu wa kwenda sokoni na kurudi. Tafuteni za kampuni nyingine, zenye nguvu zaidi. Lakini ziko namna nyingi, mchague vizuri."

Kuchagua huko ndiko kulikompeleka mume wangu kwa mjane.

Mjini kila mtu alimjua. Mumewe alikuwa na duka la spea karibu na soko, na alipofariki watu walitarajia shemeji zake wachukue funguo. Yeye alikaa eda hadi ikaisha, kisha asubuhi moja akaufungua mlango mwenyewe, akaketi nyuma ya kaunta, na hapo ndipo alipobaki. Mimi nilikuwa sijaingia dukani kwake. Nilimwona mara moja tu, kwenye harusi ya jirani: mrefu, mtu wa maneno machache, mwenye macho makubwa yasiyokimbilia popote. Nilipomwona wakati ule sikumfikiria zaidi ya hapo. Sasa nilianza kuyakumbuka yale macho.

Maana mume wangu alirudi kule tena. Na tena. Na kila akirudi nyumbani hana kitu mkononi, ila ana maneno.

"Yule mama asema shokomzoba za gesi ni ngumu, za oili ni laini, lakini si gesi zote ngumu wala si oili zote laini."

Nikampakulia.

"Yule mama asema gari ni kama mtu, huwezi kumshonea kanzu kabla hujampima."

Nikamwongezea mchuzi.

"Yule mama asema watu wengi hununua kwa kutazama rangi."

"Na wali huu," nikamuuliza, "yeye auonaje?"

Akainua uso, tonge mkononi. "Nani?"

"Yule mama."

Alilitia tonge kinywani akaendelea kula. Mume wangu hakuwa mtu wa kugombana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu akigombana nawe angalau unajua yuko nawe chumbani.

Wivu ninaojua mimi si ule wa kuimbiwa taarabu. Ulikuwa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu: waweza kutembea, waweza kufanya kazi zako zote, lakini kila hatua unajua ipo. Kama angekuwa anakwenda kumtazama uso ningejua la kufanya. Silaha za jambo hilo nilifundishwa na somo wangu kabla sijaolewa, na nilikuwa nazo. Lakini yeye alikwenda kuzungumza habari za gari. Lile gari nililokalia kiti chake cha mbele miaka yote, ambalo nilijua kila mlio wake, hakuwahi hata siku moja kuniuliza mimi habari zake. Kwangu aliuliza chai iko wapi. Kwa yule aliuliza bolti za juu na bushi za chini, akakaa hadi nguo zikashika moshi wa udi. Basi mtu akichukuliwa kwa mazungumzo ya bolti, utamvuta kwa marashi gani?

Hata hivyo nilijaribu. Jioni moja nilifunga kikuba cha asumini na rihani, nikavaa leso mpya, nikampikia kuku wa kupaka. Alipoingia akasimama mlangoni akavuta pumzi.

"Leo wanukia vizuri," akasema. Kisha akauliza tochi iko wapi, maana alitaka kutazama chini ya gari kabla ya magharibi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwepo siku hiyo. Alimwona ndugu yake akilala chali chini ya gari na tochi mdomoni, akanigeukia mimi na kuku wangu, akacheka kicheko cha puani.

"Wifi, kakangu anunua shokomzoba au anunua mke?"

"Anunua shokomzoba."

"Maana mke huposwa kwa safari chache kuliko hizo."

Alisema kwa mzaha, wala sidhani alikusudia ubaya. Lakini dini inamruhusu mwanamume kuoa wa pili, na yule mjane alikuwa na nyumba yake na duka lake. Hilo lilikuwa limeshanipitia moyoni, nami nililisukuma nje. Wifi aliliingiza tena kwa mlango wa mbele.

Kesho yake nikamwambia mume wangu, "Nenda Mombasa ukanunue huko. Mji mzima ule hakosekani mwanamume auzaye spea."

Alinitazama. Nadhani ndipo alipoelewa, maana uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyesikia sauti gari likienda na hajui yatoka upande gani. Hakunibishia. Alipanda basi akavuka Kilifi, akalala kwa jamaa zake, na siku ya pili akarudi na kasha zito begani. Alilifungua barazani. Zilikuwa shokomzoba nyekundu, nene kama mkono wa mchukuzi, zinang'aa. Muuzaji alimwambia ni za gesi, ngumu kupita zote, na kwamba ndizo zinazofungwa kwenye magari ya mashindano ya nyikani. Nikazigusa. Zilikuwa baridi na nzuri. Sikuuliza kama zinatufaa. Hazikutoka kwa yule mwanamke, na hilo lilinitosha.

Fundi alizifunga, na safari ya kwanza tulipakia saruji hadi bodi ikainama. Kusema kweli gari lilikwenda kama limeshonewa njia. Halikuyumba kwenye kona ya Ganda, halikuruka kwenye makorongo. Mume wangu alishika usukani kwa mkono mmoja.

"Kumbe na watu wa Mombasa wajua kuuza," nikasema.

"Naam," akajibu, macho mbele.

Tukashusha saruji Kakoneni. Nikanunua mayai, nikayapanga, nikayafunga kama desturi yangu, tukageuza. Hatujafika mbali nikajua. Gari tupu na zile shokomzoba nyekundu lilikuwa punda asiyefundishwa. Njia ile ilikuwa na vituta vidogo vidogo kama mgongo wa mabati, na kila kituta kilipanda moja kwa moja kutoka tairini hadi kwenye kiti, hadi kwenye taya. Na likitoka shimoni nyuma kulilia, ko, kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mlio huo niliwahi kuusikia hata zamani, tukirudi, lakini kwa mbali. Sasa ulikuwa ukinipiga uti wa mgongo. Mume wangu alipunguza mwendo. Akapunguza tena. Hatimaye tulitambaa kama tunasindikiza jeneza, na haikusaidia.

Tuliposimama Ganda, ute ulikuwa umepita kwenye nyufa za bodi ya nyuma na unadondoka barabarani. Alifungua bodi. Leso zangu zilikuwa zimelowa rangi ya manjano hadi pindoni. Yaliyosalimika yalikuwa machache, na nayo yameshikana na maganda ya wenzake.

Mume wangu alizoa mchanga wa kando ya njia kwa mikono miwili, akaanza kusugua bodi. Alisugua muda mrefu, amenipa mgongo.

"Sema basi," nikamwambia.

"Niseme nini?"

Angeweza kusema kwamba ni mimi niliyempeleka Mombasa. Hakusema. Nilizikusanya leso zangu nikazifunga kwa gunia, na ndani yangu sikuwaza mayai wala gari. Niliwaza kwamba kesho atarudi kwa yule mwanamke, na safari hii atakuwa na haki.

Basi nikaamua niende mimi kabla yake. Asubuhi nilioga, nikavaa buibui langu la kuendea harusini, nikajipaka wanja. Njiani niliyapanga maneno. Nilikuwa nimemuandalia: bibi, wewe umefiwa na mume, Mungu akupe subira, lakini mimi wangu yu hai, na naomba asije tena kuketi hapa. Niliyarudia hadi yakalainika mdomoni.

Duka lilikuwa jembamba na refu, mikanda ya feni imening'inizwa ukutani. Chini ya kaunta kulikuwa na chetezo kinafuka. Yeye alikuwa ameketi, ushungi umeteremka mabegani, anafuta kisahani cha breki kwa kitambaa. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Aliniona nikikitazama chetezo.

"Niwie radhi kwa moshi," akasema. "Harufu ya grisi hunitia kipandauso. Marehemu alikuwa akinicheka, hajui mimi nitakuja kushinda humu."

Nikafungua mdomo kutoa yale maneno niliyoyalainisha. Yakatoka mengine.

"Nataka shokomzoba," nikasema.

"Za gari gani?"

Nikamtajia. Akakiweka kisahani chini taratibu, akanitazama kwa yale macho.

"Ndiwe mwenye mayai," akasema.

Nilitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi. Naye, bila kungoja, akaanza kuniuliza. Mkienda mwapakia nini? Mkirudi je? Lami ni sehemu gani ya safari? Mkiwa na mzigo, nyuma huketi chini au husimama sawa na mbele? Mkiwa watupu je, huinuka? Yumbo lake ni la ubavu hadi ubavu, au la mbele na nyuma? Likitoka shimoni wasikia nini, na wasikia wapi?

Nikajibu. Nilijibu kila swali, na nilipokuwa nikijibu nilishangaa kwamba majibu yalikuwemo ndani yangu siku zote, yamekaa tu, hakuna aliyekuja kuyabishia hodi. Nilimweleza ule mlio wa ko. Nikamwambia huja tukirudi, kamwe hauji tukienda.

"Kamani zenu zimeongezwa jani?"

"Fundi aliongeza moja, mwaka jana. Nyuma ilikuwa ikikaa sana na saruji."

"Basi ndilo hilo," akasema. Aliinua mkono wake akaunyoosha juu ya kaunta. "Jani lililoongezwa limeliinua gari. Likiwa tupu sasa lasimama juu kuliko lilivyoundwa. Shokomzoba ni ya urefu uleule wa kwanza. Tairi likishuka shimoni shokomzoba huvutwa hadi mwisho wake, kama mkono wa mtoto akivutwa na mtu mzima. Ule mlio ni mwisho wa mkono. Na hizo nyekundu za Mombasa, nimeziona zikipita, ni ndefu kuliko za kwanza?"

"Sijui."

"Yumkini si ndefu. Kisha ni ngumu. Si mbaya, usidhani. Ni nguvu ya gari lililojaa kutwa. Ninyi mwajaa nusu siku."

Kisha akasema jambo lililonifanya nishike ukingo wa kaunta.

"Haya yote nilimuuliza bwanako. Akija hana majibu. Nikamwambia, bwana, nenda kamuulize anayekaa nawe mbele, yeye ndiye atakayejua. Huondoka, na akirudi huja na majibu aliyoyatunga njiani. Nami siwezi kumuuzia mtu kitu kwa majibu ya kutunga."

"Mbona hakuniuliza?"

"Hilo mwulize yeye." Alikivuta chetezo kwa mguu wake, akakisogeza mbali. "Ila hakuacha kukutaja. Aliketi hapo ulipoketi wewe, nikimuuliza habari za gari, yeye huzungumza mayai. Mayai ya mke wangu. Mke wangu hafungi kwa kamba, afunga kwa leso zake mwenyewe. Mke wangu njia nzima yuko nusu amegeuka, mkono mmoja ameupitisha dirisha la nyuma, ameuweka juu ya trei. Mimi marehemu wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini sidhani kama alipata kunitaja kwa mteja hata kwa bahati mbaya." Akatabasamu kidogo, si kwangu, kwa kile kisahani. "Nilikuonea wivu, bibi, na hata sura yako sikuijua."

Ningepaswa kufurahi. Mtu akinisikia leo atasema nilitoka pale mwepesi. Haikuwa hivyo. Yale maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyangoja miaka bila kujua nayangoja, naye aliyachukua akaenda kuyamwaga juu ya kaunta ya spea, mbele ya mwanamke mwingine, ambaye aliyasikia yote akayahifadhi vizuri kuliko vile ambavyo huenda ningeyahifadhi mimi. Punje ya mchanga haikutoka kiatuni. Ilihama tu upande.

Mjane alinipa futi ya kushonea nguo, ya kitambaa. Alisema tupime gari tupu, kutoka bolti ya juu ya shokomzoba hadi ya chini, kisha tuliinue kwa jeki mpaka tairi lining'inie, tupime tena.

"Na wewe uwepo," akaniambia. "Asije akatunga na vipimo."

Alasiri nilimkuta mume wangu barazani. Nikamkabidhi ile futi. Aliitazama, akaitambua, maana ncha yake ilikuwa imetiwa doa la grisi. Hakuuliza nimeipata wapi. Alilala chini akajisukuma chini ya gari, ikabaki miguu yake tu nje, nyayo zimeelekea kwangu. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Yule mama alikwambia uniulize mimi," nikaiambia ile miguu.

Nikasikia futi ikikwaruza chuma.

"Alikwambia tena na tena. Mbona hukuniuliza?"

"Shika hii ncha," sauti ikasema kutoka chini. Nikainama nikaishika. Tukapima. Akapiga jeki, tairi likaning'inia, tukapima tena. Shokomzoba ilikuwa imenyooka mpaka mwisho, haina hata unywele wa kubaki.

Kisha, bado yuko chini, akasema, "Nilichelea."

"Ulichelea nini?"

"Kwamba nikikuuliza utasema kweli. Utasema gari lile limekuvunja mgongo, na kwamba huwezi tena. Utabaki nyumbani, uajiri mtu wa kukuletea mayai." Miguu yake ilisogea kidogo. "Njia ile ni ndefu mtu akiwa peke yake."

Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo nayo ayatoe nje ya gari, tuonane uso. Lakini nilijua akitoka hatayasema. Kwa hiyo nilikaa nikaitazama miguu ya mume wangu, na nikamwambia mgongo wangu unauma, lakini si wa kubaki nyumbani.

Tulikwenda dukani pamoja. Mjane alitoa shokomzoba za kijivu, hazina mng'ao wowote, za oili, mwili wake mpana, nazo ni ndefu kuliko zetu. Alieleza kwamba mwili mpana hubeba oili nyingi, na oili nyingi haichemki upesi kwenye vituta. Kwamba ugumu wake ni wa katikati, gari likijaa tutaona limelegea kidogo kuliko na zile nyekundu, na tukubali kwenda polepole. Likiwa tupu litanyamaza. Yote hayo alinieleza mimi. Mume wangu aliketi kwenye kigoda akatazama mikanda ya feni. Nilijikuta namtazama kila mjane aliposogea, nione macho yake yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye mikanda ya feni.

Tulipotoka mume wangu akasema, "Mna mazungumzo ninyi." Sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake, nami sitasema sikukifurahia.

Zile nyekundu tulimpa mtu aliyekuwa akibeba mawe ya kujengea, ambaye gari lake halijui kuwa tupu, na hadi tulipopoteana alikuwa akizisifu. Za kijivu zilifungwa na fundi yuleyule. Tulipokwenda na saruji gari lililegea kwenye kona, kama tulivyoambiwa, na mume wangu alinung'unika hadi Jilore. Tulipogeuza, ule mlio wa ko haukuja. Nilingoja shimo hadi shimo, nikausubiri kama mtu anayesubiri jino liume, na haukuja. Mayai mengine yalivunjika. Mayai huvunjika. Lakini Watamu tulifika na trei zangu zimekauka, na mpishi wa hoteli akahesabu mayai mazima mengi kuliko alivyozoea kupokea. Njiani kurudi, tulipoipita njia ya Dabaso, mume wangu aliniuliza, kwa mara ya kwanza tangu anioe, "Waonaje?"

"Mbele bado lavuta kushoto," nikamwambia.

"Nami nadhani."

Kuanzia hapo nilikuwa mimi niendaye dukani. Bushi, pedi za breki, balbu, kila kitu nilikifuata mimi, na sisemi kwamba yote yalikuwa kwa ajili ya gari. Nilikuwa nakwenda pia ili yeye asiende. Na baada ya muda nilikuwa nakwenda kwa sababu ya kigoda kile, na mazungumzo, na kahawa yake yenye tangawizi. Tukawa marafiki kwa namna ambayo mtu huwa rafiki wa jirani aliyemshinda kesi: kwa heshima, na jicho moja wazi.

Miaka michache baadaye aliolewa, na mtu wa Lamu, akauza duka akahamia huko. Nilimwandalia sinia la mahamri na nikalia tulipoagana, na nililia kweli. Habari hiyo nilimpelekea mume wangu mimi mwenyewe. Alikuwa barazani anakunywa chai. Nikasimama mbele yake, si pembeni, ili nimwone vizuri.

"Yule mama ameolewa," nikasema. "Ahamia Lamu."

Alikishusha kikombe. Alitazama barabarani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Na duka amemuuzia nani?" akauliza.

Nikamwambia. Akasema kheri, akainua kikombe chake tena. Nilikaa nimemtazama muda mrefu, nikitafuta usoni mwake, na hadi leo siwezi kusema kama niliona kitu au sikuona.